Ekseli ya Nyuma Kulia

Walikuwa wameshalizungushia gari makuti makavu. Kilichobaki ni kibiriti.

Inspekta Warda Mbonde alishuka kabla gari la polisi halijasimama sawasawa. Mbele yake lilikuwa korongo, na upande wa huku, katikati ya mwinuko, lilisimama gari jeupe la wagonjwa la kijiji cha Nyamtutu, pua juu, mlango wa nyuma wazi. Lilikuwa la aina ile ambayo madereva huiita mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi juu ya paa. Watu wapatao arobaini walikuwa wamelizunguka.

"Asalaam aleikum," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Nyamtutu hata mwizi hujibiwa salamu yake.

Mwenye galoni la mafuta ya taa alijitokeza mbele. Alikuwa mrefu, amevaa kikoi na shati jeusi, mashavu yamebonyea kama mtu ambaye hajala tangu juzi.

"Afande, umechelewa. Wenye msiba tumeshakata shauri. Gari hili limeua, linachomwa."

"Wewe ni nani?"

"Twalibu. Mwenyekiti wa kamati ya gari hili. Na Mwanahawa, tuliyemzika jana, ni mdogo wangu, tumbo moja. Unataka na jina la babu?"

Warda alikuwa amesoma jalada njiani kutoka Kibiti. Lilikuwa na kurasa mbili tu. Jumanne saa sita mchana Mwanahawa alijifungua salama kwenye zahanati ya kijiji, mtoto wa kike. Saa saba damu ikaanza kumtoka na haikukatika. Wakampakia kwenye gari kumkimbiza hospitali Kibiti. Gari likafia korongoni, na kabla ya magharibi Mwanahawa naye akafa ndani yake. Dereva, Shaabani, alikamatwa na wananchi kilomita tano mbele, akikimbia. Walimpiga hadi wakamvunja mkono. Sasa alikuwa mahabusu Kibiti, kwa shtaka lililoandikwa kwa kalamu ya haraka: uzembe uliosababisha kifo.

"Gari hili ni kielelezo," Warda alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Atakayeliwasha moto atakuwa anachoma ushahidi wa kifo cha Mwanahawa. Nitamkamata, halafu nitamuuliza alikuwa hataki nione nini."

Watu walitazamana. Jiwe lilitoka nyuma ya kundi, likapiga boneti ya gari la polisi, likadunda. Askari wawili waliokuja naye wakakoki bunduki.

"Shusheni," Warda aliwaambia bila kugeuka. Kisha akamwambia Twalibu, "Weka galoni chini."

Twalibu aliliweka. Alilisogeza kwa mguu, taratibu, hadi likagusa makuti.

"Angalieni mtakacho," alisema. "Dereva alikuwa amelewa kwenye usukani. Alilazimisha gari, akakata ekseli, akamwacha mgonjwa akakimbia. Hayo hayahitaji upelelezi."

*

Sajini Idrisa, aliyemleta Warda, alikuwa ameendesha na kutengeneza magari ya polisi miaka ishirini na miwili. Kabla ya kugusa kitu alilizunguka lile gari mara mbili, mikono mgongoni.

"Mvua imenyesha tangu Jumanne?" Warda aliuliza.

"Haijanyesha. Alama ni zilezile."

Warda alichuchumaa. Udongo mweusi wa bonde, ambao ukilowa humeza gari hadi mlangoni, ulikuwa umekauka na kushika kila kitu kilichopita juu yake. Magurudumu yalikuwa yamechora mistari miwili safi kutoka chini ya korongo hadi pale gari liliposimama. Maua ya tairi yalionekana moja moja, kama muhuri.

"Angelazimisha ningeona nini?"

"Mashimo," Idrisa alijibu. "Gurudumu likizunguka bure linachimba, na ekseli nyingi hukatika hapo: dereva anakanyaga mafuta, tairi linazunguka hewani, ghafla linashika ardhi ngumu. Chuma kinapigwa kama kwa nyundo. Huyu hakufanya hivyo. Tazama, upepo kaupunguza tairi zote nne sawasawa, ili zitandaze. Na gia," alichungulia ndani, "kaacha kwenye ile nzito, ya kutambaa. Alikuwa akipanda kama kinyonga."

Mtu mmoja ukingoni alipiga kelele, "Mnamtetea muuaji!" Wengine wakapokea. Idrisa akaendelea na kazi.

Aliwasha injini. Ikawaka mara moja. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi polepole. Gari lilinguruma, halikusogea hata kidogo, na chini yake ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma ilikuwa ikizunguka bure.

"Injini nzima, gia nzima. Ni ekseli kweli."

"Ipi?"

Idrisa alikuwa anataka kujibu kwamba atafungua zote mbili, lakini Warda alikuwa ameshainama kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Katikati ya gurudumu kulikuwa na kichwa cha ekseli, kile kisahani cha chuma kinachofungwa kwa nati sita. Mstari mwembamba wa rangi nyeupe ulitoka kwenye kile kisahani, ukavuka ukingo, ukaendelea hadi kwenye habu inayobeba gurudumu.

"Hii ni nini?"

Idrisa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Hii ni akili. Nati za hapa zikilegea, ekseli inacheza. Ikicheza sana, inakatika. Sasa ukipiga mstari kama huu, nati zikianza kulegea mstari unaachana. Dereva anaona kwa macho, hahitaji hata spana."

Walikwenda upande wa kulia. Kwenye habu kulikuwa na nusu ya mstari. Kwenye kisahani hakukuwa na kitu.

"Labda imefutika," Idrisa alisema.

"Ifutike mpaka ukingoni, halafu isimame hapo hapo?"

Idrisa alichukua spana. Nati za kulia zilifunguka kirahisi mno, na nyuma ya kisahani gundi nyekundu ya gasketi, ile ya kuzuia oili isivuje, ilikuwa bado mbichi, inanata kidoleni. Alipofungua za kushoto kulinganisha alikuta gasketi ya karatasi, imekatwa kwa mkasi kwa uangalifu.

"Mafundi wawili," Warda alisema, akaandika.

Ekseli ya kulia ilipovutwa ilitoka fupi. Kipande cha ndani kilibaki kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Idrisa alitengeneza kitanzi kwa waya wa breki, akakipenyeza ndani ya bomba la ekseli, akakivua kile kipande kama mtu anavyomtoa kaa shimoni. Alijaribu mara nane. Kwenye mara ya tisa kikaja. Aliviweka vipande vyote viwili juu ya gunia, akavifuta oili kwa kitambaa.

Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi mbili. Theluthi moja iling'aa, chembechembe, kama sukari guru iliyovunjwa sasa hivi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kahawia, laini, yenye mistari iliyopinda mmoja baada ya mwingine kama mgongo wa kombe la pwani.

"Soma," Warda alisema.

"Pale panapong'aa ndipo palipokatika Jumanne. Hapa pa kahawia palikatika zamani. Ufa ulianzia huku nje, kila safari unaongezeka kidogo, oili na maji vinaingia, panaota kutu. Miezi kadhaa. Jumanne kilikuwa kimebaki kipande cha kuning'inia tu. Hata angepanda nacho kilima mtoto kwenye baiskeli, kingekatika." Aligeuza kile kipande cha ndani. "Na hii ndiyo mbaya zaidi. Tazama meno."

Meno ya ekseli, ambayo yalipaswa kuwa yamenyooka kama mistari ya daftari, yalikuwa yamejisokota kama kamba.

"Mzigo," Idrisa alisema. "Chuma kimesokotwa na mzigo mzito, muda mrefu. Gari la wagonjwa linabeba nini? Mgonjwa, muuguzi na bibi mmoja wa kusindikiza. Ekseli hii haikukulia kwenye gari hili, afande."

Bado kulikuwa na swali moja, na Warda alikuwa nalo tangu Kibiti. "Gari kama hili likikatika ekseli ya nyuma, si linavutwa na magurudumu ya mbele?"

"Linavutwa. Unaingiza fowili, magurudumu yote manne yanavuta, unafika nyumbani."

"Mbona hakuingiza?"

"Kaingiza. Mkono wa gia uko pale. Na vifungio vya magurudumu ya mbele kavizungusha vyote viwili, kama inavyotakiwa." Idrisa aliliendea gurudumu la mbele kulia, akafungua kifuniko cha kile kifungio. Alichungulia, akamwita Warda kwa kidole.

Ndani hamkuwa na kitu. Kifuniko kilikuwepo, kile kitasa cha kuzungushia kilikuwepo, lakini pete ya meno inayoshika ekseli na gurudumu ilikuwa imetolewa. Gundi ilikuwa nyekundu.

"Upande mmoja ukiwa mtupu, nguvu yote inakimbilia huko na kupotea. Gari haliendi mbele wala nyuma. Alizungusha kitasa cha tumbo tupu."

Warda alisimama, akajipangusa magoti. "Aliyechukua ekseli nzima na pete hii, anaweza kuvitumia kwenye gari gani?"

"Mkonga kama huu. Si gari jingine."

"Nyamtutu ina mikonga mingapi?"

Idrisa aliwatazama watu ukingoni. Warda naye akageuka. Galoni lilikuwa pale pale kwenye makuti. Twalibu hakuwepo.

*

Warda aliwaacha askari wawili wakilinda gari, akaenda zahanati. Biasha, muuguzi aliyemsindikiza Mwanahawa, hakufungua mlango. Alizungumza dirishani, wavu wa mbu ukiwa kati yao.

"Mimi naishi hapa, afande. Wewe jioni unarudi Kibiti."

"Maswali matatu. Shaabani alikuwa amelewa?"

"Shaabani hanywi hata soda."

"Ulisikia nini gari liliposimama?"

"Ko! Chini, nyuma. Likaacha kuvuta. Akashuka, akazungusha yale ya mbele, akarudi, akajaribu. Halikwenda. Akashuka tena, akaingia chini ya gari, akatoka analia. Anasema, 'Dada Biasha, halishiki, na mimi mwenyewe nililikagua kabla ya safari yangu.' Mtu mzima analia."

"Alikimbia?"

Biasha alitazama nyuma. Ndani ya chumba mtu alikohoa.

"Simu hazishiki korongoni," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilimtuma mimi. Nilimwambia akimbie barabara ya Mahege akatafute pikipiki, gari, chochote. Alivua viatu ili akimbie vizuri. Wao walimkuta anakimbia, hawakumuuliza anakwenda wapi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia kaka wa marehemu siku ile ile. Akanambia nikilirudia neno hilo nitafute kijiji kingine cha kukaa." Alianza kufunga dirisha, kisha akasita. "Swali la tatu?"

"Shaabani aliondoka kijijini lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita. Alikwenda Mloka, hitima ya baba yake mdogo. Siku nne. Karudi Jumapili."

"Ufunguo wa gari aliuacha kwa nani?"

"Akiondoka huuacha kwa mwenyekiti."

Dirisha likafungwa.

*

Saadi alikuwa fundi pekee wa magari Nyamtutu. Gereji yake ilikuwa banda la bati lililoegemea duka la pembejeo, na wanaume sita waliokuwa wamekaa kivulini walisimama wote Warda alipoingia, wakajipanga mlangoni. Walimzibia mwanga.

"Sina la kusema," Saadi alisema. Alikuwa mfupi, mikono imekolea oili mpaka kwenye mistari ya viganja. "Sikuwepo kwenye ajali."

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa shahidi." Warda aliweka vipande viwili vya ekseli mezani, sehemu iliyokatika ikitazama juu. "Sajini wangu anasema hii imekatika kwa kulazimishwa, siku hiyo hiyo. Nataka fundi wa pili aseme."

Idrisa alikunja uso.

Saadi alitupa jicho moja. Kisha la pili, refu zaidi. "Sajini wako alijifunzia wapi ufundi?"

"Kibiti."

"Ndiyo maana." Alikivuta kile kipande karibu, hakuweza kujizuia. "Kukatika kwa siku moja chuma kinang'aa chote. Hiki kina kutu. Ufa huu si wa Jumanne, wala wa mwezi huu. Hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza angeona."

"Yaani fundi yeyote akiitoa ekseli hii na kuifuta, anaona ufa?"

"Anaona."

"Basi Shaabani hana kosa."

Mlangoni mtu mmoja alisema, "Saadi!" Fundi aliinua kichwa, na ndipo alipoona mahali alipojifikisha.

Warda alichukua mkebe uliokuwa kwenye rafu, karibu na taa ya kandili. Gundi nyekundu ya gasketi, mdomo umekaukia. "Shaabani anatumia gasketi ya karatasi. Upande wa kulia wa gari umefungwa kwa hii. Wiki iliyopita Shaabani alikuwa Mloka. Wewe uliitoa ekseli hii kwenye gari jingine, ukaiweka kwenye gari la wagonjwa. Ukachukua nzima. Ukachukua na pete ya mbele."

"Umeniona?"

"Nimeiona gundi. Nikiondoka hapa bila maelezo yako, nitaeleza mahakamani niliyoyakuta. Yote ni mikono yako. Hakuna alama ya mtu mwingine yeyote."

Wanaume wa mlangoni walikuwa wamesogea. Mmoja alishika mpini wa shoka. Idrisa alisimama kati yao na meza, akafungua kifuko cha bastola, akaiacha humo humo.

Saadi aliketi juu ya tairi. Alipoanza kusema aliisemea sakafu.

"Gari la Twalibu lilikuwa linavuja oili. Nikaitoa ekseli nibadilishe sili. Nikaona ufa. Nikamwonesha, kwa kidole, hivi. Nikamwambia, hii haimalizi mwezi, acha kupakia boriti mpaka uagize nyingine Dar. Akasema ana safari tatu za mikoko kutoka delta, watu wanangoja mzigo. Akasema lile gari la kijiji linakaa tu, halina kazi, tuitoe yake kwa wiki mbili. Ikija mpya, tunarudisha." Alimeza mate. "Nilimwambia, mwenyekiti, akitokea mgonjwa? Akasema hawajaugua mwezi mzima, wataugua wiki hii?"

"Na pete ya mbele?"

"Ya kwake ilikuwa imesagika. Akasema madhali tumeshafungua."

"Shaabani aliporudi, ulimwambia?"

Saadi alitikisa kichwa.

"Tia sahihi hapa," Warda alisema. "Kisha funga banda, uende na sisi. Sikukamati bado. Ni kwa ajili ya hawa walio mlangoni."

*

Kwa Twalibu kulikuwa bado na matanga. Wanaume walikaa juu ya mikeka kuanzia barazani hadi mnazi wa mwisho, na mkonga wa Twalibu uliegeshwa ubavuni mwa nyumba, bodi limejaa maganda ya mikoko, matope yameganda hadi vishikio vya milango. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyempisha Warda. Alipita katikati yao akiruka miguu.

Twalibu alikuwa barazani. "Hata matanga hamheshimu?"

"Nahitaji maji. Nusu ndoo."

"Maji ya hapa ni ya wenye msiba."

Idrisa alikwenda kwenye gari la polisi, akarudi na dumu la maji yao ya kunywa. Alipiga goti kwenye gurudumu la nyuma kulia la gari la Twalibu, akamimina. Tope likalainika, likashuka kwa mabonge. Alisugua kwa kiganja. Kisahani cha ekseli kikatokea, nati sita, gundi nyekundu ukingoni, na juu yake mstari mfupi mweupe ulioanzia katikati, ukafika ukingoni, ukakoma. Kwenye habu ya gari hakukuwa na rangi kabisa.

Wanaume wa mkeka wa mbele walinyanyuka kuona. Nusu yao walikuwa wamesimama korongoni asubuhi.

Warda alipiga simu kituoni pale pale, hakushusha sauti. "Shaabani afunguliwe pingu. Ndiyo, sasa hivi. Apelekwe hospitali, mkono wake ufungwe vizuri. Yeye si mtuhumiwa tena." Akaiweka simu mfukoni, akamgeukia Twalibu. "Twalibu, ekseli iliyo kwenye gari lako ni ya gari la wagonjwa. Iliyokatika Jumanne ni ya kwako. Fundi wako alikuonesha ufa kwa kidole, na ameandika hivyo. Unakamatwa kwa kifo cha Mwanahawa."

"Mwongo!" Twalibu aliruka barazani. "Saadi mwongo! Mimi nimuue mdogo wangu? Mimi niliyembeba mgongoni? Dereva ndiye—"

"Dereva alitumwa kutafuta pikipiki. Ulijua. Biasha alikwambia kabla maiti haijaoshwa, ukamtishia. Na leo ulikuja na mafuta ya taa."

Kelele zikaanza upande wa mnazi, zikaja mbele. Watu wale wale. Mmoja alivunja mguu wa kitanda kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Mwingine alisema jina la Shaabani, kisha jina la Twalibu, na tusi baada yake. Warda alimkamata Twalibu mkono, akamtia pingu, akamweka nyuma ya mgongo wake. Jiwe lilimpata Idrisa begani. Gari lilikuwa hatua thelathini.

"Mpisheni."

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Hafsa, mama wa Twalibu na Mwanahawa, alikuwa amesimama kizingitini, kanga nyeusi kichwani, kichanga cha Mwanahawa cha siku tatu kifuani. Hakupaza sauti, lakini wanaume walitulia. Mwenye mguu wa kitanda akaushusha.

Bi Hafsa alishuka ngazi mbili za baraza, akaja hadi mbele ya mwanawe.

"Ulioneshwa ule ufa?"

"Mama—"

"Nakuuliza. Uliuona?"

Twalibu alitazama pingu zake. "Niliuona. Lakini Wallahi, mama, sikujua kama atakuja kupanda Mwanahawa. Ningejua ni yeye, haki ya Mungu ningeirudisha siku ile ile. Sikujua kama atakuwa yeye."

Mtoto alianza kulia. Bi Hafsa alimhamishia bega la pili, akampigapiga mgongoni mpaka akatulia.

"Ulitaka awe mtoto wa nani?" aliuliza.

Twalibu alifungua kinywa. Alitazama mikeka, uso hadi uso: baba wa binti aliyekuwa na mimba ya miezi minane, mume wa mwanamke mjamzito wa ng'ambo ya korongo, kaka wa Biasha. Wote walikuwa wakingoja jibu.

Halikuja. Bi Hafsa aligeuka, akapanda ngazi, akaingia ndani, na komeo likasikika likisukumwa hadi mwisho.